Kila Mto na Mwenzake: Maisha ya Mama Specioza Lyamba, 1949–1999

Mama tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 11 Juni 1999, alizaliwa Sibwesa tarehe 14 Februari 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Aloyce Lyamba na Bibi Esteria. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Bibi Esteria alipenda kusimulia kwamba mkunga aliingia ndani amelowa chapachapa, akampokea mtoto, akasikiliza kilio chake kwa muda, akasema, "Huyu amekuja na maneno yake." Akabatizwa Specioza. Maneno aliyokuja nayo hayakumwishia mpaka juzi.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Sibwesa mwaka 1957, kisha akapelekwa Karema kwa masista, alikomaliza darasa la nane mwaka 1964. Huko alijifunza kushona. Wasichana walipewa viraka vya nguo kuukuu waviunge viwe shuka za kujifunika. Wenzake waliunga kiraka chochote kilichokuja mkononi. Yeye alivitandaza vyote sakafuni kwanza, akawa anavihamisha huku na huku, hiki na kile, mpaka wenzake wameshafika nusu ya shuka. Sista akamwuliza anachelewa nini. Akamwonyesha viraka viwili vilivyokaa pamoja, akajibu, "Hawa hawapendani, Sista." Jina la Hawapendani lilimganda mpaka anaondoka Karema.

Mwaka 1967 alikuja Mpanda mjini kwa shangazi yake, na mwaka uliofuata parokia ikamkabidhi watoto wa chekechea. Kazi hiyo aliifanya mpaka mwaka jana. Hapa tulipo wapo watu wazima wenye ndevu na vitambi ambao aliwafuta kamasi. Vitu vya kuchezea havikuwepo, kwa hiyo alivitengeneza mwenyewe, kwa vifuniko vya soda, maganda ya karanga, maboksi ya sabuni. Hakupenda mtoto akae tu mikono mitupu. Alikuwa akisema mkono usio na kazi unamtuma mwenyewe kwenye ubaya.

Kwenye chekechea hiyo ndipo alipompata mume. Fabiani, fundi seremala kijana kutoka Kapalamsenga, aliitwa kukarabati benchi moja. Akalikarabati. Wiki iliyofuata akarudi na randa yake. Specioza akamwuliza, "Fundi, benchi limevunjika tena?" Naye akamjibu, "Bado, lakini litavunjika." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1970, wakajenga Mwamkulu, na Mungu akawajalia watoto watatu: Marsela, Gaspar na Monika. Karakana ya Mzee Fabiani ilikuwa uani. Milango mingi ya Mwamkulu, na vitanda vilivyo nyuma ya milango hiyo, ilitoka mikononi mwake.

Sasa familia imeomba tusimulie kwa kirefu kidogo mambo ya mwaka 1994, kwa sababu Mama mwenyewe aliyahesabu kuwa ndiyo kazi yake kubwa.

Jumatatu ya Wiki Kuu, tarehe 28 Machi mwaka huo, Mzee Fabiani alikuwa anaranda mbao za mabenchi ya kanisa ili yawahi Pasaka. Randa ikamtoka mkononi, naye akaanguka juu ya maranda. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukafunga. Aliporudishwa kutoka hospitali, muuguzi alimwambia Mama kwamba ule mkono upewe mazoezi kila siku, la sivyo utalala moja kwa moja. Walipewa mpira wa matambara wa kuminyaminya. Mzee akauangalia, akauachia uanguke. Kila ukiokotwa anauachia. Baadaye na chakula akaanza kukikataa. Anakaa uani kwenye kiti, uso ameuelekeza ukutani, kijiko kikija anafumba mdomo.

Mdogo wake, Shadrack, akapanda kutoka Kapalamsenga na wazee wawili wa ukoo. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakaeleza walichojia.

"Shemeji, umejitahidi na tumeona," Shadrack alisema. "Sasa tumpeleke nyumbani ziwani, apumzike karibu na wazee wake."

Mama akaelewa huko kupumzika ni kupi. "Nyie mnasema apumzike kama vile kazi imemwisha," akawajibu. "Niachieni mpaka tuvune mahindi."

Wakamwachia. Yeye hakuwa na mpango wowote alipolisema hilo. Alimwambia Marsela baadaye kwamba alitaka tu waondoke sebuleni apate kulia.

Siku chache baadaye ndipo alipofikiri hivi: mume wake hajakataa mazoezi, amekataa kuchezeshwa kama mtoto. Fundi apewe kitu cha kifundi. Akachukua ubao mmoja wa mninga, akachora juu yake nchi nzima: mto wa bluu, reli nyeusi, njia nyekundu ya vumbi, na msitu wa kijani ukizunguka pembeni kote. Akamwomba kijana wa karakana aukate vipande kumi na sita vya mraba. Akavichanganya, akavimwaga mezani mbele ya Mzee. Sheria aliitamka kama anawaambia watoto wa chekechea: mto ukutane na mto, reli na reli, njia na njia, msitu na msitu.

Mzee aliviangalia kidogo. Kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akavigeuza vyote kifudifudi, rangi zisionekane. Akafuata mishipa ya mbao, ile mistari ya asili ya mti, kipande kwa kipande, akaupanga ubao wote kabla chai haijapoa. Kisha akausukuma mbali, akarudi kuangalia ukuta.

Mama aliudhika kweli kweli. Lakini Marsela anasema alitoka uani anatabasamu, kwa sababu ule ulikuwa ujeuri, na mtu anayekufa hana nguvu za ujeuri.

Mara ya pili alikuwa mjanja zaidi. Aliokota vibao vya masalio ya kila aina, mninga, mkurungu, mkangazi, hata msonobari wa makasha, ili mishipa isimsaidie mtu. Akachora kila kipande peke yake: huku mto, huku reli, huku msitu. Akahakikisha mto unagusa katikati ya upande kila mara, ili mto wowote uweze kuingia kwenye mto wowote. Alijisifu moyoni. Sheria zilikuwa zile zile, na msitu tu ndio uliotakiwa kuwa pembeni.

Safari hii Mzee alikaa navyo. Asubuhi anapanga, jioni anabomoa. Mkono wa kushoto ukichoka, ule wa kulia ukaanza kusaidia kushikilia kipande kisiteleze, kwanza kwa kiwiko, halafu kwa vidole. Mama aliona, akaendelea na kazi zake. Uji ukiletwa anakunywa bila kuangalia kikombe, macho yako mezani. Lakini nchi ilikataa kufungika. Kila akipanga, inabaki sehemu moja yenye aibu.

Kisha ikafika asubuhi moja ya mwezi wa tano. Mama alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Akasikia meza ikigongwa. Akageuka. Mzee alikuwa ametenga vipande vyote vyenye mto, akaziunganisha pande za bluu mbili mbili. Kilibaki kipande kimoja.

"Umekosea," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Wiki Kuu. Lilitoka limepinda, lakini lilikuwa neno. Mama aliinuka na mchicha ukamwagika.

"Nimekosea nini, Baba Marsela?"

Akakigonga kile kipande kilichobaki. Ikamchukua muda kulitafuta neno jingine. "Huyu. Hana mwenzake."

Na ilikuwa kweli. Kama pembeni kote ni msitu, basi kila mto ni lazima upate mto wa kukutana nao ndani, na Mama alikuwa amechora pande za mto zisizogawanyika kwa mbili. Wangepanga mpaka mwisho wa dunia na vile vipande visingeingia. Wanawake wengine wangeshukuru kwanza. Mama Specioza alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, akisema, "Ameongea! Na ameanza kwa kunisema!"

Kosa hilo lilimfundisha njia. Akarudi kwenye sakafu ya chekechea, akachora kwa mkaa nchi nzima ikiwa imekamilika, halafu ndipo akaigawa, na kila mraba akaunakili kwenye kibao chake. Akajua sasa kwamba jibu lipo, hata kama yeye mwenyewe angelisahau. Seti hiyo ya tatu ndiyo iliyofungika. Jirani yao Nkwabi, ambaye alishuka huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga mwaka 1987, alikuwa akileta maziwa asubuhi na kuondoka. Sasa akawa haondoki. Ng'ombe wanamsubiri njiani, yeye ameinama mezani.

"Nkwabi, hapo mto umeingia kwenye reli," Mzee anamwambia, taratibu, neno moja baada ya jingine.

"Unavuka tu."

"Wapi... umeona mto... unapanda treni?"

Siku moja Nkwabi aliifunga nchi kwa namna nyingine kabisa, tofauti na ile ya mkaa. Wakabishana kama imekubalika. Wakamwita Mama aamue. Akapitisha kidole upande kwa upande, polepole, kama anayesoma, akasema, "Kila mmoja amepata mwenzake. Umeshinda, shemeji. Sheria sikuiweka ili watu wafanane na mimi."

Mahindi yalipovunwa, Shadrack akaja na lori la samaki kumchukua kaka yake. Aliingia uani, akamkuta anazozana na Nkwabi kuhusu njia ya vumbi. Alisimama mlangoni. Mzee Fabiani akamwona, akaonyesha kiti.

"Siendi," akasema. "Kaa. Ushike hivi vya msitu."

Shadrack akakaa. Lori liliondoka bila wote wawili.

Mwaka uliofuata Mzee alirudi karakana. Mkono wa kulia haukurudi wote, lakini ulitosha kubana ubao wakati wa kushoto unakata. Yeye alikata vibao, Mama akapaka rangi. Walipeleka seti chekechea, wodini, na moja kituo cha treni, ambako abiria wa kwenda Tabora walibishana juu yake hadi honi inapigwa. Watu waliuita mchezo huo Mwenzake. Miaka hiyo, Mama alisema mara nyingi, ndiyo iliyokuwa mitamu kuliko yote, mitamu hata kuliko ya uchumba, kwa sababu wakati wa uchumba yule bwana alikuwa haongei sana.

Mwezi Septemba 1998 miguu ya Mama ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Hospitali walisema ni moyo. Alilazwa mara mbili, na kila mara alirudi nyumbani na marafiki wapya wa wodini. Tangu mwezi wa nne mwaka huu alikuwa mtu wa kitandani. Mzee Fabiani alimlisha uji mwenyewe, na alipomwagia kidogo shukani Mama alimwambia, "Fundi, pima kabla ya kumimina." Alipokea mpako mtakatifu Jumapili tarehe 6 mwezi huu. Alfajiri ya Jumatano tarehe 9 Juni, akiwa nyumbani Mwamkulu, Marsela akimshika mkono, aliacha kupumua bila mateso.

Marehemu ameacha mume, Mzee Fabiani, watoto watatu, Marsela, Gaspar na Monika, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, mashemeji wa Kapalamsenga, jirani Nkwabi na familia yake, na watoto wa chekechea wa miaka thelathini, ambao idadi yao anaijua Mungu.

Wiki mbili kabla ya kufariki alimwita Monika, akamwambia: "Wasifu wangu msiufanye mrefu. Watu watakuwa wametoka Sibwesa na ziwani, wana njaa. Someni, mnizike, mpakue wali ungali wa moto. Na Baba yenu mumpe nyama laini."

Wali uko tayari, Mama. Lala kwa utulivu mikononi mwa Bwana.