Fundi Kioo na Mgongo wa Mkono Wake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kung'arisha magari ya watu, fundi polishi wetu anastaafu. Wateja wengi hawalijui jina lake la kuzaliwa. Wanamwita Kioo, na mwenyewe ukimwita vinginevyo hageuki. Mimi ni fundi rangi wa karakana hii, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimetenganishwa naye na ukuta mmoja tu miaka mingi kuliko yeyote aliyebaki. Niliambiwa niandike kitu cha kuchangamsha sherehe. Nitajitahidi, lakini sitapaka rangi juu ya kutu. Kioo haondoki kwa uzee. Anaondoka kwa sababu ya mikono yake, na mwenyewe ametaka lisemwe.

Aliingia hapa akiwa muosha magari, na ndipo chuki yake na matambara ilipoanza. Gari jeusi likifutwa kwa tambara lenye mchanga, kivulini litapendeza tu. Litoe juani uone: michirizi myembamba imezunguka kila mahali, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Wenye magari husema rangi imechoka. Kioo akisikia hivyo hasira zilimpanda waziwazi. Alikuwa akiwaambia kwamba rangi haichoki, inachoshwa, na wanaoichosha ni wao wenyewe na vitambaa vyao vya jikoni. Wateja walinuna, kisha wakarudi mwezi uliofuata na vitambaa safi.

Watu hudhani kuondoa michirizi ni kuijaza kitu. Sivyo. Michirizi ni mifereji midogo iliyochimbika kwenye vanishi, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Ili ipotee, inabidi unyoe vanishi inayoizunguka mpaka pote pawe sawa. Unatia dawa kwenye sponji ya mashine, unaipitisha taratibu, unaiacha ifanye kazi bila kuikandamiza. Kila unapopitisha, tabaka linapungua, na likiisha ndiyo basi, labda gari liletwe kwangu lipakwe upya. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wetu wa kudumu. Mimi naongeza, yeye anapunguza. Yeye aliwatangazia wageni kwamba bila yeye rangi yangu ina vipele kama ganda la chungwa, nami nikamwita kinyozi wa magari. Tumekula chakula cha mchana pamoja karibu kila siku tukitupiana maneno hayo.

Adui wa kazi yake ni joto. Mashine ikikawia mahali pamoja vanishi hulainika, halafu huungua, hasa ukingoni ambako ni nyembamba. Kwa hiyo kila baada ya kupitisha mara chache Kioo aliinua mashine, akaugeuza mkono, akauweka mgongo wake juu ya bati. Alisema kiganja cha fundi kina sugu, hakisikii, lakini mgongo wa mkono husema kweli. Hakuna gari lililotoka hapa bila ule mgongo kupita juu yake. Meneja alipoleta kipima joto cha kushika kama bastola, unaelekeza tu unasoma namba, Kioo alikitundika msumarini kando ya kalenda na kusema mkono wake hauli betri. Kikabaki pale miaka, wacheshi wakikitumia kupimia chai.

Mkewe tulimjua vizuri. Alikuwa akipita hapa kutushtakia kwamba mumewe anang'arisha mali za watu huku masufuria ya nyumbani yana masizi. Miaka michache iliyopita huyo wifi yangu, maana mimi ni mwanamke na Kioo ni kama kaka yangu, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na kupoteza hisia, na maneno yakamkauka kabisa. Binti yao alirudi nyumbani kusaidia, ila kazi ya kumwogesha mkewe, Kioo hakumwachia mtu. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini alichanganya maji kwenye beseni, akaugeuza mkono, akayapima kwa mgongo wake kama apimavyo boneti, ndipo akamwogesha. Tulimtania kwamba iko siku atampiga polishi. Alicheka, na nadhani aliona fahari pia.

Mashine ile hutetemeka. Ukiishika kutwa, mwaka baada ya mwaka, vidole huanza kupauka asubuhi, kisha huchoma, kisha unaona nafuu kwa kuwa haviumi tena. Kioo aliona nafuu. Vikombe vikimponyoka alisingizia sabuni. Vifungo vya ovaroli vilipomshinda, akaja na ovaroli ya zipu. Sisi tuliona, tukasema ni umri, naye akajikaza kisabuni.

Mapema mwaka huu alikuwa akishughulikia gari jeusi la mkunga mmoja mstaafu, mteja wake wa siku zote. Nilisikia harufu kabla ya kuona chochote, na harufu ya vanishi inayoungua huwezi kuifananisha na nyingine. Nilipotoka chumba cha rangi, mashine alikuwa ameiinua, na mgongo wa mkono ameuweka palepale ukingoni mwa boneti panapofuka moshi, uso umetulia kabisa. Aliniambia bado ni pa baridi, niache kelele. Ikabidi nimshike kifundo niuondoe ule mkono kwa nguvu. Ngozi ilikuwa imeshaanza kufanya malengelenge.

Tulidhani ataomboleza boneti, maana tangu apewe mashine hakuwahi kuunguza gari la mtu. Hakuliangalia hata kidogo. Aliweka mkono wa pili pale pale, nao ukamwambia vilevile kwamba ni pa baridi. Basi akaiacha mashine inazunguka sakafuni, akatoka na ovaroli yake mwilini, akakimbia kwenda nyumbani, mtu wa umri ule. Sisi tuliobaki tulikuwa tunawaza gari la mkunga. Yeye alikuwa anawaza beseni.

Kwa wiki kadhaa wifi alikuwa na mabaka mekundu mgongoni na pajani. Walidhani ni kwa kulala mno. Walibadilisha sabuni, wakabadilisha mashuka, wakampaka mafuta. Siku ile Kioo alichanganya maji mbele ya binti yake, akayapima, akaridhika, kisha akamwambia binti atie mkono. Binti aliuchomoa mara moja. Ndipo walipoelewa kwa nini mama alikuwa akilia kila asubuhi wakati wa kuoga. Upande wake wa kushoto ulikuwa unasikia kila tone, na hakuwa na neno la kuwaambia. Wao walidhani analilia ugonjwa wake.

Majeraha ya wote wawili yamepona, makovu yapo. Boneti nimeipaka upya na mkunga amechukua gari lake. Kioo aliandika barua ya kustaafu wiki hiyohiyo, na hajagusa mashine tena. Nilimuuliza mara mbili kama kweli niyaandike haya yasomwe mbele za watu naye amekaa pale mbele. Alisema niandike yote, la sivyo vijana wataendelea kusema mzee amechoka. Basi nyinyi mnaoshika mashine, na wanafunzi wake mliosambaa karakana za mji mzima, mmesikia. Kidole kikipauka asubuhi, sema siku hiyohiyo. Usingoje nafuu.

Uongozi ulikuwa umemwandalia saa ya ukutani. Aliikataa kwa adabu, akaomba kile kipima joto cha msumarini. Meneja alitaka kumnunulia kipya, naye akasema anataka kilekile alichokidharau. Tukakitia betri, na hakusubiri sherehe kukichukua. Binti yake ananiambia kila asubuhi hukielekeza majini, husoma namba, kisha humwonyesha mkewe naye asome. Bado wifi hukaza bega la kushoto akiona beseni. Kioo husubiri bega lishuke. Siku lisiposhuka, humpa binti kata, akatoka akakaa nje ya mlango.

Kaka Kioo, kwa niaba ya wote wa karakana hii, ahsante kwa kila gari lililotoka hapa likipendeza juani. Rangi yangu ilikuhitaji, na leo nakubali mbele ya mashahidi. Wewe na wifi tunawatakia asubuhi nyingi za kutosha, mpaka ile siku atakayoliona beseni na bega likatulia.