Yotamu Mwasomola, Aliyekataa Kodi ya Mke wa Pili

Marehemu Yotamu Mwasomola alizaliwa Masoko, Tukuyu, mwaka 1912. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la pili. Hakufukuzwa, kama wengine wanavyosema. Baba yake alifariki, naye akashika jembe. Mwaka 1931 alikwenda Lupa kuchimba dhahabu, akarudi na mablanketi mawili na kikohozi. Ndipo akahamia huku milimani, akalima pareto na viazi, na viazi vyake vilijulikana hadi sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Tarehe 8 Agosti 1936 alifunga ndoa kanisani na Ikupa. Alimwahidi Mungu mke mmoja, basi.

Mwaka 1951 kaka yake, Asukile, alifariki, akaacha mjane, Atuganile, na watoto watatu. Yotamu aliwaleta kwake, akamjengea shemeji yake nyumba yake na jiko lake. Kwa mila yetu angeweza kumrithi. Hakumrithi. Kuta zile alizikandika Ikupa mwenyewe.

Mwaka 1954 akaja karani wa kodi. "Nyumba mbili, wanawake wawili, mwanamume mmoja," akasema. "Utalipa ya kichwa chako, na ya mke wa pili."

"Yule ni shemeji yangu, Bwana Karani."

"Ana jiko hapa kwako."

"Na ng'ombe wangu ana banda. Mwandike mke wa tatu."

Jumbe Lutengano, ambaye yupo hapa leo na akane kama anaweza, alimvuta pembeni. "Mwasomola, wacha ubishi. Siku ya hesabu mama huyo ashinde bondeni. Nusu ya kijiji wanafanya hivyo."

"Mjane wa kaka yangu ajifiche kwenye majani kama mwizi wa kuku?"

"Basi lipa."

"Nikilipa, stakabadhi itasema nina wake wawili. Meza ya Bwana nitaiendea na uso gani?"

Kodi ya kichwa chake aliilipa siku ile ile, yote. Ile nyingine, hata senti. Kodi ilikuwa kubwa, kila mtu alilia, na wanaume wetu walikimbilia porini; yeye alikaa mlangoni kwake akawangoja askari. Walimfunga miezi miwili, akavunja kokoto barabara ya Iringa. Mwaka 1955 wakamfunga tena. Ikupa na Atuganile walimpelekea chakula pamoja, na askari alipouliza mke mkubwa ni yupi, Ikupa alimjibu, "Mke ni mmoja, unaongea naye."

Mwezi Februari mwaka huu wa 1957 alishikwa na kichomi. Alitibiwa Mbeya, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, Ikupa akiwa amemshika mkono.

Kitabu cha kodi bado kinasema wake wawili. Sisi tunaomzika tunasema hivi: ameacha mke mmoja, Ikupa. Ameacha shemeji, Atuganile. Ameacha watoto wanne aliowazaa, watatu wa kaka yake aliowalea, na dada yake mkubwa, Marta. Karani aandike hayo.

Apumzike kwa amani Yotamu. Hadaiwi.