Kiungo Kisicho na Lehemu

Sogeeni, wanangu, na wewe mama yao acha kuinyoosha hiyo shuka, umeinyoosha mara nane tangu asubuhi na mimi bado nimo ndani yake. Kaeni. Karani, weka simu mfukoni, toa karatasi uandike, maana nimekusomesha mpaka unajua kuandika barua ambazo hata anayeandikiwa hazielewi. Mimi darasa la tano nililiona kupitia dirisha, lakini nyaya za gari zilinijua kwa jina la Mashoto, na nikifungua boneti zilikuwa zinajipanga zenyewe kama askari. Kifungua mimba wangu yuko wapi? Yuko garini? Vizuri, abaki hapohapo kwenye usukani. Dirisha liko wazi, atanisikia, na asiponisikia yeye watanisikia mtaa wa tatu, watakuja kumwambia.

Geti limelia? Hapana? Haya, tuendelee.

Mali nitaigawa, wala haichukui muda, kwa sababu mali yangu yote ukiipakia kwenye toroli bado utapata nafasi ya kukaa na kunywa chai. Lakini sikuwaita kwa ajili ya mali. Nimewaita kwa ajili ya hilo gari la mkunga lililokaa uani chini ya turubai miaka tisa, na kwa ajili ya baba yenu mdogo, ambaye miaka hiyohiyo tisa hajavuka geti letu, na sababu mnaijua kwa kuwa mimi ndiye niliyewaambia. Niliwaambia yeye ndiye aliyeharibu taa za mkunga, zikazimika barabarani kwenye mvua, lori la mchanga likamgonga ubavuni, na mama wa watu aliyewapokea ninyi wote watatu kutoka tumboni akawa wa kutembelea mkongojo. Leo taa zile zitapimwa mbele yenu. Nimemtuma jirani akamwite baba yenu mdogo. Hajafika, na mimi sina nafasi ya kungoja mtu anayetembea polepole, kwa sababu daktari jana aliniambia nipumzike, na daktari akimwambia mtu kama mimi apumzike ujue dawa zimemwishia.

Niinueni kidogo. Si hivyo, mnanibeba kama gunia la mkaa. Mto uje huku. Hapana, urudisheni kule.

Karani, andika haraka. Nyumba ni ya mama yenu, na asije mtu akamwambia ahamie chumba cha nyuma, nitamtokea ndotoni na kumnyima usingizi mpaka azeeke. Wewe mwenyewe unachukua lile shamba dogo, ulime, mikono yako ni laini mno, ukimsalimia mtu anadhani ameshika mkate. Kitinda mimba, usilie, wewe cherehani ya bibi yenu ni yako, na redio. Vifaa vyangu vya kazi, ile taa ya kupimia, mita, koleo zote na ule msumari wangu wa kutobolea waya, ni vya dada yenu mkubwa aliye garini. Gereji nitaisema baadaye. Gereji haisemeki mpaka tupime.

Sasa mwanangu uliye garini, nisikilize. Ile betri ya kuazima umeifunga? Washa swichi ya gari. Angalia mkono wa taa, umeweka kwenye otomatiki? Usiniambie bila shaka, angalia. Nusu ya watu walioniletea magari yao wakisema taa zimekufa walikuwa wameugeuza ule mkono wenyewe kwa kiwiko, nami nilikuwa nafungua boneti, nazunguka, naguna, nafunga boneti, ndipo naugeuza mkono, wanakwenda zao wakisema yule mzee ni mchawi. Uko sawa? Haya. Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kuna kitu cheusi cha duara kama nusu ya njugu. Hilo ndilo jicho lake. Lifute vumbi. Gari halijui saa wala halisomi kalenda, linajua kile tu ambacho jicho lile linaliambia. Jua likipiga jicho, gari linasema ni mchana, taa hazina kazi. Giza likiingia, au wingu zito, zinawaka zenyewe. Sasa hivi ni saa saba na jua linakaanga mabati, kwa hiyo zimezimika, sivyo? Mama yao, mpelekee kofia yangu. Hii hii ya kichwani. Ndiyo, najua nina upara, wataniona na upara mara moja tu maishani. Aifunike juu ya jicho, asiweke mkono, mkono unapitisha mwanga, kofia hii ina mafuta ya miaka ishirini, haipitishi hata dhambi.

Tulieni. Kioo cha kabati kinatazama dirisha. Nilimwambia alisukume gari mpaka pua iguse maua ya mama yenu kwa sababu hiyo, nione bila kugeuza shingo.

Zile. Mmeziona? Zimewaka. Msishangilie. Hapo ndipo fundi mjinga anaposema gari limepona, anaenda kula. Mimi nimewasha taa za magari mengi mno, zikiwashwa zote siku moja jua litaomba likizo, na nawaambia taa inayowaka gari likiwa limesimama haijasema lolote. Mwanangu, acha kofia hapohapo. Usiguse kitu kingine mpaka nikuambie.

Geti. Hilo si geti? Ni mbuzi wa jirani. Huyo mbuzi nilimwona juzi anakula tairi.

Nawaambia ya siku ile. Mkunga alileta gari asubuhi, taa zake za otomatiki zinawaka na kuzimika zinavyotaka. Baba yenu mdogo ndiye aliyelipokea, mnamjua alivyo, mtu wa kupima fyuzi hata ya redio kabla hajakuambia habari za asubuhi. Akaanza na mkono wa taa, akaja jicho, akaja fyuzi, akaanza kufuata waya mmoja mmoja kama mtu anayetafuta chawa. Ikafika saa sita hajamaliza. Mkunga anatazama saa, ana mjamzito anayemngoja ng'ambo ya daraja, na pale gereji wamejaa madereva na mafundi wa mtaa mzima, na mimi na kikombe changu cha chai. Nikamwambia mdogo wangu, "Mganga wa mizizi, toka hapo. Chai yangu haitapoa kabla sijamaliza." Watu wakacheka. Mnajua watu wakicheka mimi nakuwaje. Nikaingia chini ya dashibodi kichwa mbele, miguu nje, na kweli nikaukuta, waya wa kutoka kwenye jicho, panya ameutafuna karibu kuukata. Nikaukata pale palipotafunwa, nikauunga, nikazungusha utepe, nikatoka. Chai ilikuwa bado ina moshi. Nikainua kikombe, wakapiga makofi.

Baba yenu mdogo ndiye aliyerudisha kifuniko cha chini ya dashibodi na kumkabidhi mkunga ufunguo. Lakini kabla hajafunga aliinama akaniuliza taratibu, wengine wasisikie, "Kaka, umelehemu?"

Nikamjibu, "Nimelehemu. Unataka kunifundisha?"

Maji. Kidogo tu. Si kijiko, mimi si kifaranga.

Saa kumi mvua ikaja, ile ya kuufanya mchana kuwa mweusi, na mengine mnayajua. Nikalivuta gari nikalileta hapa uani, nikasema sitaki mtu aliguse, nitalipima mwenyewe. Nikalipima mwenyewe. Kisha nikatoka nikawaambia watu wote, na mkunga kitandani kwake nikamwambia, kwamba waya ulichomoka wakati wa kufunga kifuniko, kwamba mdogo wangu aliuvuta. Naye hakubisha. Alisimama pale na bisibisi yake mkononi, akasema, "Basi ni mimi." Kwa sababu fundi yeyote anajua, kiungo kilicholehemiwa hakiachii chenyewe, lazima kuna aliyekivuta, na mkono wa mwisho kupita pale ulikuwa wake. Akaenda kumwomba mkunga msamaha kwa magoti. Tangu siku hiyo hajagusa gari la mtu, anatengeneza pasi na feni kwenye kibanda nyuma ya mashine ya kusaga, na ninyi mkipita mnavuka barabara msimsalimie, nami sikuwahi kuwakataza.

Sasa hilo ni geti.

Mwacheni asimame mlangoni kama hataki kuingia. Mdogo wangu. Umezeeka vibaya, mimi nimezeeka vizuri zaidi, hata mgonjwa nakushinda. Hucheki. Sawa. Simama hapo utazame kioo cha kabati.

Mwanangu, kofia ipo juu ya jicho? Taa zinawaka? Shuka chini ya dashibodi, upande wa kulia, shika lile fungu la nyaya, ulitikise kama barabara mbovu inavyotikisa. Tikisa. Zaidi, hulibembelezi.

Zimezimika. Zimewaka. Zimezimika tena. Mmeona wote? Gari hili lilivyoumbwa, waya ule ukiachia, linadhani ni mchana. Kofia iko juu ya jicho na lenyewe linasema jua linawaka. Ndivyo lilivyodhani siku ile katikati ya mvua.

Zima swichi. Fuata ule waya mpaka kwenye utepe mweusi. Usiufungue utepe, kata waya huku na huku, uniletee kipande. Niliwahi kukushikia koleo nikakurudishia mara kumi na moja kiungo kimoja mpaka ukalia, nikikuambia usiunge bila lehemu hata waya wa kengele, unakumbuka? Na ulikuwa unaniona mimi ni mtu mkali wa kazi. Kilete.

Usinipe mimi. Mpe baba yako mdogo. Abandue utepe mwenyewe.

Tazama, mdogo wangu. Umesokotwa kuelekea kushoto. Mtaa mzima hakuna anayesokota hivyo ila mimi, jina lenyewe nililipata hapo. Ni kile kile, sikukibadilisha. Nilikikuta kimeachia, nikakirudisha, nikakifunika. Mara mia nimekuja na koleo nikitupe, na mara mia nimekuja na lehemu nikimalize, nikaishia kukaa kwenye kile kiti cha dereva, nikamwambia mama yenu nakagua betri. Mama yao, ulikuwa unajua hakuna anayekagua betri kutoka kwenye kiti cha dereva. Najua ulijua.

Nitukane, mimi nimetukanwa na madereva wa malori, siogopi.

Anasemaje? Rudia, sikio hili limeshakwenda.

"Hukulehemu."

Ndiyo. Sikulehemu. Pasi ya kulehemu ilikuwa baridi, ilihitaji dakika tano ipate moto, na chai ingepoa. Ni hayo tu. Ningependa kukupa sababu kubwa zaidi ya hiyo, unajua mimi ninavyokuza mambo, lakini nimeitafuta miaka tisa sikuipata. Hukuvuta waya wa mtu. Mkono wako haukumgusa mkunga.

Anakwenda wapi? Mwacheni. Msimfuate. Anakwenda nje na kile kipande. Mwanangu, mpishe.

Karani, andika sasa, maana sauti inakimbia. Gereji ni ya baba yenu mdogo, na dada yenu atakuwa chini yake mpaka atakaposema yeye kwamba ameiva. Kibao cha Mashoto mkishushe. Kile kiungo mkipeleke kwa mkunga, mwende wote watatu, mumsomee maneno yangu kama nilivyoyasema, na ile ya chai msiifute, Karani, nakujua utataka kuipamba. Kisha msome tena gerejini, saa sita, wakati wamejaa. Waliopiga makofi wengi bado wapo. Msinisemee mazuri kwanza. Someni hilo kwanza, mazuri yakibaki na nafasi muyaseme, nayo ni mengi, mtaanza Jumatatu mtamaliza mwaka mwingine.

Mnasikia harufu? Inaingia dirishani. Ni lehemu. Ameipasha moto pasi yake ya kulehemu kwenye betri ya gari. Ametembea nayo mfukoni, huyu mtu, hakuniambia. Ngojeni. Anangoja ipate moto sawasawa ndipo aunge waya upya, kile kipande changu amekiweka kando. Ndivyo alivyo. Polepole mpaka unataka kumsukuma.

Nipeni mikono. Na wako, Kitinda mimba. Mungu awape macho ya kuona giza likija kabla halijawafikia. Awape mtu wa kuwauliza taratibu, na awape ulimi wa kumjibu kweli. Mama yao, nimekuchosha. Nimemaliza.

Amewasha? Kwenye kioo sioni vizuri, kama mtu amekifuta kwa mafuta. Niambieni wenyewe. Mnasema zinawaka. Mwambieni atikise. Anatikisa? Na bado?

Bado.

Basi msiitoe ile kofia. Iacheni palepale, kwanza.