Iakopo Leavasa, Aliyeitwa Nusu Paa

Mzee Iakopo Leavasa, anayezikwa leo Jumamosi tarehe 10 Mei 2025 hapa mbele ya nyumba yake, Vailoto, kisiwani Savai'i, Samoa, aliitwa Nusu Paa kwa karibu miaka arobaini na tisa. Familia ilitaka kuliruka hilo jina. Mjane wake, Bibi Makerita, akakataa katakata. "Liandikeni. Mkiliacha mtaanza kunong'onezana wakati wa sala, na mimi masikio yangu bado mazima."

Jina lilimnasa Agosti 1976, siku ya tano ya kuchorwa pe'a, tatuu ya wanaume wetu. Wote hapa mnaijua kazi hiyo: kiunoni hadi magotini, chanuo la mfupa, kigongo, tak-tak-tak, na watu wawili wa kuivuta ngozi. Mgongoni fundi alishamwekea mtumbwi wa ukoo. Mguu wa kulia ulishafika gotini, na pau zake zimepangwa mstari kwa mstari kama za nyumba, maana mwanamume aliyechorwa ni nyumba na watu wake wanakaa ndani. Mguu wa kushoto ulikuwa na mistari saba. Kwenye mstari wa nane Iakopo aliinuka, akampita fundi, akawapita wasichana waliokuwa wakimwimbia, akakimbilia baharini na damu yake.

Hakuna anayechorwa peke yake. Mwenzi wake alikuwa binamu yake Pouvi, aliyelala mkeka wa pili akisubiri zamu. Pouvi akapaza sauti, "We Iakopo! Rudi! Paa limebaki nusu!" Watu wakaangua kicheko, na jina likafika ufukweni kabla ya mwenyewe.

Alizaliwa hapahapa tarehe 14 Aprili 1955, mtoto wa tatu wa Mzee Leavasa na Bibi Fiapaipai. Alisoma shule ya mchungaji, kisha ya serikali hadi darasa la nane. Ya vitabu hayana mengi. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti, "Huyu anajua kuhesabu mbao tu."

Na mbao zikamlea. Kuanzia 1977 alikuwa fundi wa kuezeka. Kimbunga cha 1990 kilipoondoka na mapaa ya kijiji kizima, yeye ndiye aliyeyarudisha, nyumba baada ya nyumba, miezi kumi na moja. Hakuna paa aliloliacha nusu. Ukimwambia, "Mzee, acha, utamaliza kesho," alikuwa anakuangalia kama umemtukana mama yake. Ila kwenye vikao vya machifu, wenzake waliochorwa wakamaliza walipoitwa kuhudumu, vifua wazi na lavalava za kiunoni zimepandishwa mchoro uonekane, yeye alikaa nyuma karibu na majiko, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho. Fundi humalizia kwa alama ya kitovuni, na yeye hakuwa nayo. Baba yake hakuwahi kumgombeza. Alichofanya ni kuacha kulitaja jina la mwanawe akihesabu vijana wa nyumba yake.

Tarehe 3 Novemba 1979 alimuoa Makerita, ambaye alikuwa mmoja wa wale wasichana waimbaji. Watu walimsuta, "Shoga, umechukua bidhaa haijakamilika!" Naye alikuwa akijibu, "Siku ile niliacha kuimba, sikuacha kutazama." Walijaliwa watoto wanne.

Sasa linakuja la mjukuu wake Alapati, na lisemwe wazi kwa sababu ndiye anayewasomea hapa.

Desemba 2022 mzee alikuwa juu ya paa la jiko la kanisa akipigilia mabati. Upepo ukainua lavalava. Alapati alikuwa chini na simu. Akarekodi, akatia muziki wa kuchekesha, akaandika, "Babu Nusu Paa anaezekea watu. La kwake lini?" Siku nne, watazamaji laki tatu. Na maoni ndiyo usiseme. Mmoja wa Auckland: "Inapakia... asilimia sitini... mtandao umekatika." Mwingine: "Mbio za mita mia, dhahabu kwa Savai'i!" Alapati aliyacheka yote, akajibu kwa vikatuni vinavyolia machozi ya kicheko.

Hapa kijijini wanaomwita Nusu Paa wamelala chini ya mabati yake, wamekula taro yake, wamemzikia wazazi. Wale wa mtandaoni hawakuwahi kunywa hata kikombe cha koko kwake. Mzee alianza kuvaa suruali ndefu ndani ya lavalava, joto lote lile. Hakuoga tena baharini. Hakupanda tena juu ya paa.

Alapati aliifuta video baada ya wiki mbili, ila watu walishaihifadhi na inazunguka hadi leo. Alipokwenda kuomba msamaha, mzee alikuwa akimenya taro.

"Uliitazama kabla ya kuituma?"

"Ndiyo, Babu. Mara tatu."

"Ukacheka mara ngapi?"

"Mara tatu, Babu."

"Haya. Niletee kisu kingine, hiki butu."

Akaishia hapo. Hakumkaripia wala hakumlalamikia kwa baba yake. Alapati angependa achapwe.

Sukari ilimzidia mwaka jana, Machi. Kidonda kilitoka mguu wa kulia, na daktari akasema vidole viwili vikatwe. Mzee akamwambia, "Kama lazima mkate, kateni wa kushoto. Huko hamtaharibu kazi ya mtu." Alapati alikuwa amesimama mlangoni. Wauguzi walicheka. Yeye, aliyewachekesha watu laki tatu, hakuweza.

Januari mwaka huu mzee alimwita fundi, mtoto wa yule fundi wa zamani, amalizie. Daktari akasema vidonda havitapona. Fundi akakaa, akanywa koko, akafunga machanuo yake, akaondoka. Mzee aligeukia ukutani hadi jioni.

Wiki mbili kabla hajafariki, Pouvi alikuja kumwona. Wazee hawa walitaniana maisha yao yote, ila siku ile ya mkeka hawakuwahi kuigusa.

"Pouvi," mzee akasema, "mimi maumivu nilishayasahau. Nisichosahau ni kwamba ulimaliza siku zako zote na mkeka mtupu pembeni."

"Wewe mjinga," Pouvi akasema. "Unadhani nilikuwa nakutania?"

"Kijiji kizima kilicheka."

"Kijiji ndiyo. Mimi nilikuwa nakuita. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu."

Halafu mzee akasema, "Basi na mimi nimechelewa kuitika."

Siku hiyohiyo alimwita Alapati karibu na kitanda. "Nikifa msinifunike hadi miguuni. Lavalava ipandishwe kama ya waliomaliza. Wakione kilichopo na kisichopo. Na wewe utakaa pembeni yangu wakipita kutazama."

"Babu, watu watanitazama na mimi."

"Ndiyo kazi ya mwenzi."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 6 Mei, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini. Kwa siku nne amelala sebuleni, lavalava imepandishwa: mtumbwi mgongoni hauonekani, pau za kulia zote zipo, mistari saba ya kushoto ipo. Mkekani kulikuwa na nafasi mbili. Upande mmoja alikaa Alapati. Upande wa pili Pouvi, hakutaka kuinuka hata kwa chakula.

Ameacha mjane, Bibi Makerita. Watoto Lupe, Sanele, Fa'apito na Vaitagi. Wajukuu kumi na mmoja. Na binamu yake Pouvi.

Familia inaomba: mwenye kisa cha Nusu Paa, hata cha aibu, asikitume kwenye simu. Baada ya maziko aje aketi ndani na akisimulie kwa mdomo wake, Alapati akiwa mbele yake. Mkeka upo, chakula kipo, na paa hili alilimaliza mwenyewe.

Alale kwa amani Mzee Iakopo. Safari hii hakuna aliyeachwa peke yake.