Kicheko cha Kaka Kabla ya Wimbo wa Nne

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Chiriku, mwimbaji na mshonaji wa mapazia, aliyetutoka wiki iliyopita. Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, narudia: Chiriku ametutoka.

Jina hilo alipewa na kaka yake, maana hakujua kunyamaza. Akishona, anaimba. Akifua, anaimba. Hata akigombana na jirani, maneno yake yalikuwa na mdundo. Kaka mtu alikuwa fundi redio na mpiga gitaa. Wakachukua nyimbo za zamani walizofundishwa na mama yao, wakazitia gitaa la umeme na ngoma, wakarekodi santuri moja. Moja tu. Watu waliipiga mpaka mikwaruzo ikaushinda muziki.

Mwaka uleule, kaka akaugua, akafariki. Aliacha mke mjamzito. Mtoto akazaliwa, akakua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Sauti ya baba yake hakuwahi kuisikia. Kwenye santuri ile baba alipiga gitaa tu, hakuimba. Na Chiriku hakurekodi tena, wala hakuimba tena mbele za watu. Binti yake anasema: "Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, 'Nani atanipigia gitaa?' Ndiyo basi, mazungumzo yamekwisha."

Mwaka jana, kampuni moja ndogo ya muziki iliamua kuitoa upya santuri hiyo, toleo maalumu, nakala chache. Utepe wa kwanza kabisa waliorekodia nyimbo hizo ulipatikana ghalani. Chiriku akaitwa studio ausikilize, binti yake akamsindikiza.

Nyimbo tatu zikapita salama. Kabla ya wa nne, ikatoka sauti ya mwanamume kwenye spika: "Dada, ngoja kwanza, uzi umelegea. Na wewe acha kunichekesha!" Kisha kicheko kirefu, cha kutoka tumboni.

Chiriku akashika ukingo wa meza. "Rudisha hapo."

Fundi mitambo akarudisha. Akarudisha tena. Halafu akasema kwa upole, "Mama, hayo maneno yalikatwa kwenye santuri ya zamani. Tutayakata tena. Wanunuzi wanataka ileile waliyoizoea."

"Mwanangu, wanunuzi wanayo santuri yao. Mimi nina kijana nyumbani hajui baba yake aliongeaje. Ukikata hapo, kata na mimi nitoke."

Ubishi ukawa mkali. Fundi akampigia simu bosi wake. Chiriku akaketi, mkoba mapajani, akaanza kuimba taratibu kama mtu aliyepanga kulala hapohapo. Bosi akamsikia kwenye simu. Akakubali.

Santuri ilipotoka, Chiriku alimwita mpwa wake. Kijana alikuja na nguo za kazi, zinanuka moshi wa chuma. Anasimulia mwenyewe: "Shangazi hakuniambia kitu. Aliweka tu sindano. Niliposikia kile kicheko, nikageuka nyuma. Nilidhani ni mimi. Wanangu wakasema, 'Baba, huyo ni wewe!' Shangazi akalia, akacheka, akatuambia tunyamaze, wimbo unaanza."

Baada ya hapo Chiriku alianza kuimba mbele za watu tena. Mpwa alinunua gitaa, akajifunza nyimbo mbili, vibaya. "Anapiga kama anachomelea geti," shangazi alisema, na hakukubali apigiwe na mwingine. Maradhi yalipomlaza, mpwa alikaa naye kitandani, gitaa mapajani, hadi mwisho.

Kwa binti, kwa mpwa, kwa wajukuu na ndugu wote: poleni sana. Mungu awape subira. Na asanteni kwa kutuazima sauti yake miaka yote hii.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani nyumbani kwetu ambaye sauti yake tumeizoea mno hata hatuisikii? Keti naye leo. Mwache aongee, hata kama hadithi unaijua.

Sasa tunauweka wimbo wa nne, wasikilizaji wapendwa. Mkisikia mtu anaongea na kucheka kabla ya gitaa, msitupigie simu. Mitambo ni mizima.