Nilizitunza Kadi Kama Samaki Wakavu

Ndugu zangu wa Kashikishi, na ninyi mliotoka Puta, jina la Bwana lisifiwe! Lisifiwe hata kwa mdomo huu wangu, uliosema uongo mwaka mzima.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Baba Kasongo wa kibanda cha simu pale sokoni, ninayewawekea nyimbo na mahubiri kwenye memori kadi. Nilivuka ziwa kutoka Kongo pamoja na mdogo wangu. Yeye alichagua ziwa, mimi nikachagua simu. Alipofariki aliacha mjane, Mama Monga, watoto wanne, na mtumbwi mmoja ambao alinikabidhi niusimamie. Mtumbwi huo ndio uliowalisha.

Kisha dunia ikakosa chipu, kile kipande kidogo ndani ya kadi na simu kinachoshika kumbukumbu. Redio ilisema viwanda havitoshelezi, na kila nilipopiga simu Lusaka, bei ilikuwa imepanda. Ndugu zangu, hapo ndipo akili ya ziwa iliponiponza. Tunajua sote: kabla serikali haijafunga ziwa ili samaki wazaane, mjanja anajaza ghala samaki wakavu, kisha ananyamaza mpaka watu wakose. Nikasema, ni yale yale. Nikauza mtumbwi wa marehemu kwa mtu wa Puta, nikanunua kadi, maboksi mpaka chini ya kitanda. Mama Monga nikamwambia mtumbwi uko kwa fundi.

Lakini ziwa likifungwa, hakuna anayevua. Wenye viwanda wao walijenga vingine! Mimi nangoja watu wakose, wao wanatengeneza bila kupumzika. Na maisha yalipokuwa magumu, watu wakaacha kununua simu. Bei ikaanguka, ikaanguka tena. Mimi sikutaka kuuza kwa hasara. Kila asubuhi niliwasoma wataalamu kwenye simu: mauzo yameshuka, vumilieni, yatapanda. Niliwasoma kuliko nilivyosoma Zaburi. Wakati huo Mama Monga alikuwa anapasua samaki wa watu na kulipwa vichwa. Binti yake mkubwa aliacha shule. Nikiwaona, nilipita njia nyingine.

Siku moja nikasoma kwamba bei imefika chini kabisa, na mwenye busara anunue sasa. Shetani ana werevu! Nikamfuata Mama Monga kwenye vichanja vya kukaushia, nikamwomba nyavu za mume wake niziuze, nimrudishie mara mbili. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuparua magamba, akaniita yaya, yaani kaka, kama siku zote.

“Yaya, ule mutumbwi niliuona pa Puta. Balishaupaka rangi ya buluu. Nilikuwa nangoya wewe useme.”

Nikaanza kumweleza habari za bei. Akanikatiza.

“Samaki ikikosa bei, batoto banakula. Ile yako, banaweza kula?”

Ndugu zangu, nilipiga magoti juu ya magamba, nikalia mbele ya soko zima. Nilisema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua beseni lake, akaenda. Hajasema amenisamehe mpaka leo.

Kadi niliziuza zote, na hazikununua hata ubavu mmoja wa mtumbwi. Nikaenda Puta, nikamwomba kazi yule aliyeununua. Sasa nampigia kasia. Fungu langu la samaki linaanza kwa Mama Monga, ndipo nyumba yangu inapokula kinachobaki. Rangi ya buluu imeanza kubanduka, na chini yake ninasoma jina la mdogo wangu kila ninapokaa.

Wanasema bei ya chipu inapanda tena. Ipande! Bwana amenitoa kwenye uongo, na hasara ameniachia niibebe. Namshukuru kwa vyote viwili. Na wewe uliyeketi hapa ukificha neno, mtumaini Yeye, ulitoe leo. Usingoje bei.

Mama Monga ameketi kule nyuma na watoto wake. Sitamwomba msamaha mbele yenu, maana macho yenu yatamlazimisha. Kesho asubuhi naingia ziwani. Niombeeni nirudi na kitu mkononi.