Kaka Ndoana Anashuka Kwenye Boti ya Uokoaji

Wapendwa wanachama wa klabu yetu ya boti za matanga na wafanyakazi wenzangu, nawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hamjambo huko mliko? Watoto wazima? Sisi huku karakana tupo, tunamshukuru Mungu, ila mwezi huu tumepooza. Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja, dereva wetu wa boti ya uokoaji anastaafu.

Wengi mnamjua kwa jina la Kaka Ndoana, kwa sababu ya ule mti wake mrefu wenye ndoana ya chuma, anaomnasia mtu jaketi na kumvuta ndani kama gunia. Hana hodi wala samahani. Kuna mfadhili mmoja wa mashindano alivutwa hivyo hadi suruali ikabaki majini. Akafoka, "Wewe, unajua mimi ni nani?" Kaka akamrushia taulo. "Nitakujua ukishakauka, bosi."

Alianza kazi wakati boti zetu za mashindano zilikuwa za mbao, na matanga ya pamba ambayo yakilowa yalikuwa mazito kama godoro. Kanuni ya wakati ule, tuliyoachiwa na walioanzisha klabu, ilisema boti ikipokea msaada wowote, hata wa kamba tu, inafutwa, na pointi zake za msimu mzima zinapotea. Walioitunga waliona hiyo ndiyo heshima ya mchezo.

Kaka akiwa bado mgeni mgeni kazini, upepo uligeuka ghafla katika mbio za mwishoni mwa msimu. Aliyekuwa anaongoza kwa pointi ni mdogo wake wa tumbo moja. Boti yake ililala ubavu, mwenyewe kaikumbatia. Kaka akasogea, akanyoosha mti. Mdogo mtu akapiga kelele, "Usiniguse, kaka! Ukinigusa nimefutwa! Nitaisimamisha mwenyewe!" Upande wa pili walikuwapo wengine wawili wanazama, wanamwita. Kaka akaiheshimu kanuni, akawafuata wale waliomwita. Aliporudi aliikuta boti peke yake.

Tulizika Jumatatu. Jumanne Kaka alikuwa mbele ya kamati, na nguo zile zile za msibani, akisema hashiki tena usukani mpaka kanuni ibadilishwe. Mwenyekiti wa wakati huo, Mungu amrehemu, alimwambia aende nyumbani akapumzike. Hakwenda. Alikaa kwenye benchi la koridoni, na sisi wa karakana tukawa tunampelekea chai. Mashindano yaliyofuata yakaahirishwa, na ya baada yake pia, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekubali kukaa kwenye kiti chake. Ndipo kamati ikaandika upya: atakayeokolewa anabaki na pointi zake zote.

Tangu hapo hatujazika mtu wa mashindano. Anaowavuta siku hizi wanamtukana kidogo, wanacheka, wanaomba taulo. Hakuna anayeng'ang'ania mlingoti. Na mama yake mzazi, kila Kaka akirudi nyumbani, hamuulizi nani kashinda. Anamuuliza, "Wametoka wote?"

Sasa naandika hili kwa uzito. Kamati inasema boti za siku hizi ni za plastiki, zinafuatiliwa kwa setilaiti, na vijana wamekuwa wadekaji: upepo kidogo tu wanaita boti ya uokoaji. Inataka kanuni ya zamani irudi. Kura itapigwa kwenye mkutano wa kwanza baada ya yeye kuondoka. Tulipomuuliza tumnunulie zawadi gani, alisema, "Saa ya ukutani kaeni nayo. Mimi niachieni ile kanuni yangu."

Kaka, umetuvulia watoto wetu, waume zetu na mabosi zetu. Asante. Mungu akupe afya, na siku za upepo akupe usingizi.

Nanyi wanachama, kila mmoja aniandikie kama kanuni ya Kaka ibaki au iondoke, nipeleke majibu kwenye mkutano. Dereva mpya amekwisha kupatikana. Juzi alikuja karakana akaniuliza: akimkuta mtu majini anayesema usiniguse, afanye nini? Sijamjibu. Tafadhali, nijibuni mapema.